Sura ya Saba: Paka Hakunywa Maziwa

Kuna watu waliozaliwa na haraka, na kuna Inspekta Kobe. Jina hilo alibandikwa na makuruta wake zamani sana kwa sababu ya mwendo wake, na yeye hakulikataa, maana kukataa nako kunachosha. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha maiti, mkononi ameshika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na paka aliyekufa.

"Mimi ni daktari wa watu," alisema Daktari bila hata kuvua glavu. "Daktari wa mifugo yuko ng'ambo ya barabara."

"Nimekuta kufuli."

"Kwa hiyo mimi ndiye nisiye na kazi?"

"Daktari, dada yangu, nimechoka. Nisaidie tu."

Daktari alimtazama, akayaona macho yalivyomvimba, akaupokea mfuko huku akiguna. Kobe akaketi kwenye benchi la nje, akanyoosha miguu. Ilikuwa nafasi ya kufikiri, lakini alichofikiri ni kwamba viatu vinambana.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bibi mmoja wa mtaa wa tanuri alikutwa amekufa kitandani, na paka wake amekufa uvunguni. Juu ya kijimeza palikuwa na kikombe cha maziwa yaliyobaki nusu. Maziwa hayo aliletewa na mkamwana wake, Mama Mapacha. Jikoni kwa huyo huyo Mama Mapacha, juu ya kabati, ikapatikana pakiti ya sumu ya panya. Binti wa marehemu, ambaye nyumba nzima humwita Shangazi kwa kuwa ndiye shangazi wa hao mapacha, alipiga yowe, "Kamuua! Kamuua mama yangu!" Mtaa ukasikia. Na mtaa ukishasikia, jamani, polisi wana kazi gani tena zaidi ya kufuata? Mama Mapacha alipandishwa kwenye gari la polisi blauzi imemlowa maziwa kifuani, watoto wake wachanga wakabaki mikononi mwa shangazi yao wakilia.

Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Shtaka hilo halina dhamana. Akishasomewa tu, wale watoto watajifunza kutambaa, kusimama na kusema bila mama.

"Kobe, kesi hii imejipika yenyewe," Mkuu wa Kituo alikuwa amemwambia. "Wewe pakua tu. Mama mkwe, mkamwana, sumu, paka. Unataka nini tena, tukupigie na ngoma? Kikulacho ki nguoni mwako."

Kobe akainamisha kichwa. Ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria, lakini siku hizi alipoinama mara nyingi alikuwa anasinzia. Kilichomzuia kupakua ni pakiti ya sumu. Aliigeuza mara kadhaa, akaona mshono wake haujafunguliwa. Mkuu alisema huenda kulikuwa na pakiti nyingine. Huenda. Neno hilo limefunga watu wengi.

Daktari alitoka akijifuta mikono.

"Tumbo la paka wako lina nywele zake mwenyewe na mguu wa mende."

"Maziwa?"

"Hata tone. Hakuyaonja."

"Na kafa."

"Kafa. Njoo nikuonyeshe kitu kingine."

Aliingia naye ndani, akafunua mkono wa marehemu. Kucha za Bibi zilikuwa na wekundu wa afya, wekundu ambao maiti hana haki nao.

"Nilipomfungua jana nilidhani ni taa," alisema Daktari. "Damu yake nyekundu kupita kiasi. Ya paka vilevile. Sumu ya panya ingemtoa damu tumboni na kwenye fizi. Hakuna. Hii ni gesi ya mkaa, ile vitabu vinaiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu analala, haamki."

"Niandikie hivyo, sasa hivi."

"Nitakuandikia nini? Damu nimeipeleka maabara, na wale ukiwalinganisha na wewe, wewe ni swala. Kwa leo nina dhana tu. Mahakama haimfungulii mtu kwa dhana. Nitafutie moto, Inspekta. Gesi hii haitoki hewani hewani. Kuna kitu kiliungua."

Kobe alikuwa ameshafika mlangoni Daktari alipomwita tena.

"Huyu mama alikuwa anavuta sigara?"

"Hata ugoro hakuugusa. Nimeuliza."

"Basi amevutishwa. Mapafu yake meusi tititi."

Hapo Kobe akaona njia imenyooka mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatembea upesi. Kitu gani kinaungua mtaa ule kama si tanuri?

Tanuri la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba za mtaa, limetenganishwa nazo kwa ukuta ambao mtoto angeweza kuuruka. Moshi wake haukupanda juu kama moshi wenye adabu. Ulitoka mzito, ukainama, ukaingia majumbani bila hodi. Mabati yote ya upande ule yalikuwa meusi. Nguo zilizoanikwa zilikuwa na rangi moja, hata zile zilizoanza nyeupe. Kwenye lango palibandikwa karatasi ya Bwana Afya, amri ya kitu fulani, lakini masizi yalikuwa yameisoma yakaimaliza. Kobe alijaribu kuifuta kwa kidole, akachafua kidole.

Msimamizi wa tanuri alikuwa ni mtoto wa marehemu, Baba Mapacha, mume wa yule aliye mahabusu. Alikuwa amesimama juu ya tanuri, kitambaa mdomoni, akiwaelekeza vijana wawili kwa mkono. Alipomwona Inspekta akashuka.

"Poleni na msiba," alisema Kobe.

"Asante, afande."

"Mama hajazikwa, mke yuko ndani, nawe uko kazini?"

"Tanuri likishawashwa haliachwi. Moto ukipungua katikati, matofali yote yanapasuka. Nani atayalipa?" Macho yake yalikuwa mekundu, na hapakuwa na njia ya kujua ni kilio au moshi. "Mke wangu vipi? Anakula?"

"Anauliza watoto. Unachoma nini hapa?"

"Si unaona."

Aliona. Lundo la tairi chakavu lilifika kiunoni.

"Zamani tulichoma pumba za mpunga na maranda ya maseremala," alisema Baba Mapacha. "Moshi ulikuwepo, lakini wa kibinadamu. Sasa pumba zinataka subira, unalisha kidogo kidogo mchana kutwa. Tairi ukilitupa limeshika. Tajiri analeta kwa lori, mimi nawasha."

"Na Bwana Afya?"

"Alikuja. Alisema tujenge bomba refu la moshi, tuache tairi. Akabandika karatasi yake, akapanda pikipiki, akaondoka anakohoa."

Kobe akamkazia macho. "Moshi wako ndio uliomuua mama yako."

Alitaka kuona uso utafanya nini. Uso ulikunjamana kwa hasira.

"Afande, usinitukane kwenye msiba! Moshi huu naushindia mimi. Nasimama juu yake, naula, naunywa. Mbona sijafa? Ufike kwa mama kwanza, kabla yangu?"

Swali lilikuwa zuri, na Kobe akalichukua kama lilivyo. Akasogea pembeni, akampigia Daktari simu.

"Moshi wa nje? Hapana," alisema Daktari. "Gesi hiyo upepo unaitawanya. Moshi wa nje una njia yake. Unamla mtu mapafu, unamchosha moyo, watoto wanazaliwa wadogo, wanakua wanakohoa. Unaua polepole na hakuna anayeshtakiwa. Lakini kumlaza mtu na paka wake usiku mmoja, na majirani waamke salama? Moto wako uko ndani ya nyumba, Inspekta."

"Ndani ya nyumba," alirudia Kobe, na njia yake iliyonyooka ikafa palepale.

Baba Mapacha alikuwa amesikia. "Na isitoshe," alisema, bado amefura, "usiku ule moshi haukuingia kabisa chumbani kwa mama. Hilo nilihakikisha mimi mwenyewe."

"Ulihakikishaje?"

"Niliziba. Mama alikuwa hapati pumzi, afande, anakaa kitandani usiku kucha anavuta hewa kama anaibeba kwa ndoo. Nikasema basi, imetosha. Nikachukua nailoni ngumu, nikaziba dirisha lote. Matundu ya hewa kule juu nikayapiga udongo. Chini ya mlango nikagongomea kipande cha mpira. Mbu asingepita."

"Lini?"

"Jioni ile ile. Mke wangu alinishikia ngazi."

Inspekta Kobe akakaa juu ya tofali lililokuwa karibu. Akainuka upesi kuliko alivyoinuka mwaka ule mzima, maana tofali lilikuwa la moto. Vijana juu ya tanuri wakacheka, wakakumbuka msiba, wakanyamaza.

"Shangazi wa watoto alijua?"

"Dada? Alikuja usiku kumwangalia mama, sisi tumeshaingia ndani kwetu. Kuna cha kujua hapo? Ni dirisha tu." Kisha akasema taratibu, akiangalia lundo lake la tairi, "Nilitaka apumue."

Kobe akaenda nyumbani kwao kwa miguu. Njiani alijilaumu kimoyomoyo, kwa maneno ambayo hayaandikiki. Tangu maiti ipatikane wameuliza watu wote swali moja: Bibi alikula nini, alikunywa nini? Wameuliza mkamwana, binti, majirani. Hakuna aliyeuliza Bibi alivuta nini.

Uani wanawake wa msiba walikuwa wamekaa mikekani. Shangazi, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokwisha kukauka kwa kilio, alikuwa akichochea chai ya wageni, pacha mmoja mgongoni, mwingine amepokewa na jirani. Kobe aliwapa pole, akakataa kikombe, akaomba kuingia tena chumbani kwa marehemu.

Pazia lilikuwa limefungwa, vilevile lilivyokuwa alipokuja mara ya kwanza. Mara ile hakulifungua. Kwa nini angelifungua? Alikuja kutafuta sumu, akatafuta kwenye vikombe. Sasa akalivuta, na nailoni ikamtazama, imebanwa kwa misumari pembe zote. Kazi nzuri. Kazi ya mtoto anayempenda mama yake.

Akapiga magoti kwa shida. Zulia la plastiki lilikuwa limeungua kidogo pembeni mwa kitanda: madoa matatu madogo, yamekaa pembetatu. Siku ile aliyaona, akadhani ni sigara za wageni. Akatoa uzi mfukoni, akapima kutoka doa hadi doa, akafunga fundo. Akatoka nao hadi uani, akachutama mbele ya jiko la mkaa lililobeba sufuria ya chai, akaunyoosha uzi kati ya mguu mmoja na mwingine. Fundo likakaa pake.

Loo! Jiko la miguu mitatu. Jana yake alikunywa chai iliyochemkia hapo, akaomba na sukari.

"Unapima jiko, afande?" aliuliza Shangazi.

"Kifua kikimbana mama, mlikuwa mnafanyaje?"

"Si tunamfukiza. Majani ya mkaratusi kwenye sufuria, unamfunika shuka, anavuta mvuke, kinafunguka."

"Sufuria inakaa juu ya nini?"

"Juu ya jiko lenyewe, hapo hapo karibu naye. Ukiitenga maji yanapoa, mvuke unakufa."

"Na usiku ule?"

"Na usiku ule. Alibanwa vibaya sana. Nikamfukiza, akapata nafuu. Akaniambia, mwanangu, liache jiko humu, nasikia baridi. Nikaliacha. Nikamfungia mlango vizuri, mvuke usitoke, nikaenda kulala chumba cha pili. Asubuhi..." Akashindwa. "Asubuhi nikalitoa, watu wanakuja, maji yanatakiwa. Jiko lenyewe ni hilo moja."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza! Mliniuliza alikula nini."

Kobe alimwomba wakae pembeni, nyuma ya pipa la maji. Yeye mtu wa maneno machache, akatafuta maneno machache yasiyouma, hayakuwepo. Akamwambia tu, moja baada ya jingine: gesi, nailoni, matundu yaliyozibwa, mlango. Shangazi alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni, mkono ukaenda ukipungua, ukasimama.

"Nimemfukiza mama tangu niko msichana," alisema. "Mara zote anaamka."

"Mara zote dirisha lilikuwa wazi."

"Kwa hiyo ni mimi."

Inspekta alizoea watu wanaokana. Kwa hawa ana mbinu, ana subira, ana hata vitisho vidogo. Kwa mtu anayekubali kosa ambalo si kosa hakuwa na chochote.

"Ni ajali," alisema. "Lakini nahitaji maelezo yako, kwa mdomo wako na saini yako. Vipimo havitafika leo. Bila wewe, kesho wifi yako anasomewa kuua."

"Na nikisema? Nitasomewa mimi?"

"Nitaandika ajali, na nitaitetea. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Shangazi akageuka kuangalia mikeka. Wanawake wote walikuwa wakimtazama, wale wale waliomsikia akipiga yowe. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza. Jiko ni jiko, uzi ni uzi; wakili yeyote angecheka. Kobe aliliona wazo hilo likipita usoni mwake, likakaa kidogo. Jirani akaja na pacha wa pili na kikombe cha maziwa.

"Hataki, mama. Namwekea mdomoni anayatema. Tangu asubuhi."

Shangazi akampokea yule mtoto, akamwangalia alivyokauka midomo.

"Huyu mpelekeeni baba yake kule kwenye tanuri, aje naye polisi kwa mama yao," alisema. "Huyu wa mgongoni nakwenda naye. Afande, twende kabla sijaogopa."

Maelezo yalichukua muda, kwa sababu Kobe aliandika polepole na kwa sababu Shangazi alisisitiza kuanza na yowe lake. "Andika kwamba nilimsingizia," alisema. "Liwe la kwanza." Mkuu wa Kituo alisoma, akasoma tena, akalalamika kuwa kesi iliyoiva imerudishwa mbichi. Kisha akampigia Daktari, akafokewa, akaweka saini.

Mama Mapacha alitolewa mahabusu akiwa peku, viatu mkononi, mwembamba kuliko alivyoingia. Wakakutana kwenye kaunta. Kobe alikuwa ameshamweleza kila kitu kupitia nondo.

Shangazi akapiga magoti na mtoto mgongoni. "Wifi, nimekukosea."

"Nipe mtoto."

Akampa. Mama Mapacha akageukia ukuta, akafungua blauzi, na kile kilio cha siku zote hizi kikakatika. Mtoto akanyonya kwa pupa. Kisha akasema bila kugeuka, "Nyanyuka. Sijakusamehe, ila hiyo sakafu ni chafu."

Baba Mapacha aliingia anahema, mweusi wa masizi toka nywele mpaka vidole, pacha wa pili kifuani. Mtoto alikuwa na michirizi myeusi chini ya pua. Mama yake akaifuta kwa upindo wa khanga, akautazama upindo.

"Afande amenieleza kwa simu," alisema Baba Mapacha. "Ni mimi niliyeziba. Si dada, ni mimi."

"Niliwasha jiko mimi," alisema Shangazi.

"Ningeacha dirisha wazi..."

"Ningelitoa jiko nje..."

"Mkimaliza kugombania maiti," alisema Mama Mapacha, "mniambie."

Wakamgeukia wote. Hata askari wa kaunta akaacha kuandika.

"Kule ndani tulilala wengi sakafuni," alisema. "Kuna kunguni, kuna ndoo inanuka. Lakini sikukohoa. Nimekaa kungoja kikohozi changu cha alfajiri, hakikuja. Tangu unioe ukanileta mtaa ule, ni mara ya kwanza nimelala nikapumua, na ni mahabusu." Alimtazama mumewe. "Uliziba chumba cha mama kwa sababu ya nini?"

"Moshi."

"Moshi wa nani?"

"Mke wangu, tairi analeta tajiri. Mimi ni mtu wa kuajiriwa. Naletewa."

"Na kiberiti anashika nani?"

Baba Mapacha alijipapasa kifuani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kiberiti, akakiweka juu ya kaunta mbele ya Inspekta Kobe, kana kwamba ni silaha anayoisalimisha. Kobe akakitazama. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuandikisha kitu kama kile, na hakujua angekiandika chini ya kosa gani.

Mama Mapacha alimpokea mtoto wa pili, akawaweka wote wawili sawasawa, mmoja kila upande.

"Hicho ni kimoja tu," alisema. "Dukani viko tele. Twendeni tukamzike mama."